Hesabu za Nyuma ya Pazia

Makoye aliingia kwa mlango wa nyuma siku hiyo ya Alhamisi, na kabla hajavua buti Lusia alishajua kuwa mambo si mambo. Mumewe akifanikiwa jambo huingia na maneno mengi. Leo aliingia kama mtu aliyekuja kuazima kiberiti, akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akatoa karatasi mfukoni na kumpa mkewe bila kumtazama.

"Ishirini na tisa," Lusia alisoma.

"Kati ya mia," Makoye akasema, asije akadhaniwa amepata kati ya thelathini.

Lusia alirudi kwenye cherehani yake lakini hakukanyaga. Mtihani huo alikuwa ameuombea novena nzima. Kiwanda cha kuchenjua dhahabu alichofanyia kazi mumewe, nje kidogo ya mji wa Kahama, kilikuwa na boksi la chuma lililofungwa kwenye bomba la tope. Ndani ya boksi kuna punje ya sesiamu inayotoa mionzi, na mionzi hiyo ndiyo inayopima tope ni zito kiasi gani. Boksi la namna hiyo haliachwi hivi hivi, lazima liwe na mtu aliyesomea kulitunza. Mtunzaji wa zamani alihamia Mwanza. Makoye, aliyelifuta vumbi boksi hilo kwa miaka minne, akapelekwa Shinyanga kwenye mafunzo ya siku tatu, na mwisho wa mafunzo ukawa mtihani.

"Wanasemaje sasa?"

"Tulio chini ya sitini tunarudia Jumamosi ya wiki ijayo. Mara moja tu. Nikianguka tena wanampa mtu mwingine, na mkataba wangu ukiisha mwezi huu, basi."

Hawakuulizana basi maana yake nini. Kazi nyingine aliyoijua Makoye ilikuwa moja, kushuka duarani, kwenye shimo la kuchimbia dhahabu, na tochi kichwani kule upande wa Geita, na siku aliyoiacha kazi hiyo alitolewa na wenzake akiwa amefukiwa na udongo mpaka kifuani. Lusia alikuwa ameishi miaka mitatu akishtuka kila simu inapolia. Hakutaka tena maisha yale, hata kwa dhahabu ya kujaza ndoo.

"Yule mkufunzi, kijana Kamili, alisoma matokeo kwa sauti," Makoye alisema, sasa akiinama kufungua kamba za buti. "Alipofika kwangu akasema, mzee Makoye ameimaliza sesiamu yote, dunia nzima haijabaki hata punje. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Ningefanyaje?"

Lusia aliitazama karatasi. Swali la sita lilikuwa limezungushiwa wino mwekundu kama jeraha. Akayageuza macho kwenye mlango wa sebuleni, ambako ndani, nyuma ya pazia la maua, mama yake alikuwa amelala na jicho moja limefungwa bandeji. Mwalimu Mektilda wa Ushirombo. Miaka thelathini na moja ya kufundisha fizikia.

"Baba Dorika," Lusia akasema polepole, "mwalimu tunaye humu humu ndani."

Makoye akamtazama kana kwamba amemwambia avue nguo sokoni.

* * *

Sasa wewe mwenyewe fikiria. Kwa mila za kwao, mwanaume na mama mkwe wake hawakai wakatazamana. Hawali chungu kimoja, hawapokezani kitu mkononi, na wakikutana njiani mmoja hupisha vichakani. Tangu Mwalimu Mektilda alipokuja kufanyiwa upasuaji wa jicho, siku tano zilizopita, Makoye alikuwa akiishi nyumbani kwake kama mpangaji anayemkimbia mwenye nyumba. Akitoka kazini hupita kichochoroni, hukohoa chini ya dirisha la chumba cha wageni na kusema, "Shikamoo mayu," kwa Kisukuma chake cha heshima, mayu yaani mama. Kutoka ndani hujibiwa, "Marahaba, mkwe wangu." Kisha huzunguka nyuma, na mazungumzo yao ya siku huwa yamekwisha. Chakula alikula uani karibu na jiko, mbali kabisa na chumba kile.

Leo hii mtu huyo aende akae mbele ya mkwewe, aoneshwe makosa yake kama mtoto wa kidato cha pili? Makoye alisema afadhali duara.

"Hutaenda wewe," Lusia alimwambia. "Ataenda Dorika. Wewe unakaa hapa, bibi yake yuko kule, maneno yatatembea."

Dorika, mtoto wao, alikuwa na miaka sita. Alitumwa kupeleka swali la sita, akakaa ndani muda mrefu, akarudi anatafuna karanga.

"Bibi amesemaje?" Makoye aliuliza.

"Amesema hapana."

"Hapana nini?"

Mtoto alifikiri. "Hapana tu."

Hivyo ndivyo Lusia alivyoacha cherehani na sare za shule zilizokuwa zinamngoja, akawa mguu na mdomo wa watu wawili wasioweza kuonana.

* * *

Mwalimu Mektilda alikuwa ameketi kitandani, mgongo umenyooka, kichwa kimeinuliwa kidogo kama anayesikiliza redio. Jicho moja lilikuwa na bandeji, la pili lilikuwa bado na ukungu wake likingoja zamu yake ya upasuaji. Hakuona kitu zaidi ya kivuli. Lakini aliposikia tu kuna swali lililozungushiwa wino mwekundu, uso wake ukachangamka.

"Nisomee swali lote. Usiruke namba."

Lusia akasimama mlangoni, akasoma. Chanzo cha sesiamu kilianza na nguvu themanini. Nusu uhai wake ni miaka thelathini, yaani kila miaka thelathini nusu yake inaoza. Baada ya miaka sitini, imebaki nguvu kiasi gani?

"Na mkwe wangu ameandika nini?"

"Sifuri."

"Kamuulize hiyo sifuri ameitoa wapi."

Lusia alipita sebuleni, akapita korido, akatokea uani. Makoye alikuwa na jibu tayari. Miaka thelathini ya kwanza inaondoka arobaini, miaka thelathini ya pili inaondoka arobaini nyingine. Themanini imekwisha, hesabu ya darasa la tatu. Lusia akaubeba utetezi huo mpaka ndani.

Mama yake akatikisa kichwa. "Mwambie kwa sasa asilisogelee hilo boksi."

"Mama."

"Haya. Mwambie ni nusu ya kilichobaki. Siyo nusu ya kile cha mwanzo. Kila mara anakata kilichobaki."

Uani, Makoye hakukubali. "Nusu ni nusu, Mama Dorika. Duarani ikitoka mifuko ishirini ya mawe, kumi ya mwenye duara, kumi ya wachimbaji. Mgao umekwisha. Hakuna mtu anayekuja kesho yake kukata nusu ya ile kumi yangu. Akija tutashikana mashati." Kisha akashusha sauti. "Usimwambie mayu nimesema hivyo."

"Nimwambie nini sasa?"

"Mwambie natafakari."

Lusia alikwenda na kurudi mara saba jioni ile. Mama yake alituma mfano wa maji yanayovuja kwenye mtungi, ukarudi na swali kuhusu ukubwa wa tundu. Akatuma kiazi kitamu kilichochemshwa, pamoja na kisu, mkwe wake akikate nusu, halafu nusu ya nusu, aone mwenyewe. Kiazi hakikurudi.

"Amekikata mara ngapi?" Mwalimu akauliza.

"Amekila, mama. Alikuwa hajala tangu asubuhi."

Kwa mara ya kwanza tangu afike Kahama, Mwalimu Mektilda akacheka mpaka akashika bandeji yake.

* * *

Jumapili baada ya misa Lusia alikuwa anafua, Makoye kajiinamia pembeni na daftari, amejaza ukurasa mzima kwa sifuri za kila namna. Lusia alimwonea huruma. Hakuwa mjinga mume wake. Angeweza kusikiliza pampu akakuambia ni beringi ipi imekufa. Ila kichwani mwake kulikuwa na mgao, na mgao wa duarani ndio uliomlea.

Alisuuza shati, akalikamua, na alipokuwa anamwaga yale maji machafu akasimama na beseni mkononi.

"Baba Dorika. Unakumbuka marudio?"

"Marudio yapi?"

"Mchanga ule mliokuwa mmeshauosha mkatoa dhahabu yenu, mkaumwaga kule mialoni mlikokuwa mnaoshea. Si ndio sisi wanawake tulikuwa tunauosha tena?"

"Mlikuwa mnauosha."

"Tulipataga kitu?"

"Mlipataga. Nusu ya tulichopata sisi, hivi."

"Siyo sawa na ninyi?"

"Mngepataje sawa na sisi? Nyingine tulishaitoa."

"Halafu kina Paskalia wakaja wakaurudia tuliouacha sisi. Walipata?"

"Nusu ya mlichopata ninyi. Na baada yao wakaja wale wa kutoka Maganzo." Makoye alikuwa ameacha kuandika. "Ule mchanga mpaka leo kuna watu wanauosha. Hauishi ule."

"Kila anayekuja anachukua kwenye nini?"

"Kwenye kilichobaki," Makoye akasema. Kisha akarudisha kalamu kwenye daftari. Akaandika themanini. Chini yake akaandika arobaini. Chini ya arobaini mkono ukasita kidogo, kisha ukaandika ishirini.

"Ishirini," akasema kwa sauti ndogo, kama anayetaja jina la mtu aliyemdharau kwa makosa. "Mama Dorika, sesiamu ni marudio."

Lusia alikwenda ndani mikono inachuruzika povu. "Mama, anasema ishirini."

"Enhe. Ameipataje?"

Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini Lusia alikumbuka siku aliyotolewa shule, kidato cha pili, Dorika hajazaliwa ila yumo. Mama yake, mbele ya shangazi wote, alisema, "Huyu wangu hata hivyo hesabu hazimkai." Hakusema kwa ukali. Alisema kama daktari anayetaja ugonjwa. Lusia tangu siku hiyo hakuwahi kufanya hesabu mbele ya mama yake, hata ya chenji.

"Ametafakari," akajibu.

* * *

Jumanne walihamia kwenye kuoza kwenyewe, ule uozaji wa beta. Hapo Makoye alikuwa na hasira ya haki. Sesiamu namba yake ni hamsini na tano. Inatoa elektroni, inaitupa nje, halafu inageuka bariamu yenye namba hamsini na sita. Kitu kimetoa, namba imepanda. Hayo ni maajabu gani?

Mwalimu Mektilda alipoletewa malalamiko hayo alijiweka sawa. Hili alikuwa amelifundisha kwa madarasa thelathini na moja.

"Mwambie kiini ni ukoo wenye wanawake mia moja thelathini na saba. Hamsini na tano ni wake za watu, waliobaki ni wasichana. Msichana mmoja akiolewa humo humo ndani ya ukoo, jumla inapungua?"

"Haipungui," Lusia akajibu kabla hajatumwa.

"Nimekutuma ukamuulize yeye."

Lusia akaenda haraka. Makoye alijibu kuwa haipungui. Akaulizwa, je, wake za watu sasa ni wangapi? Hamsini na sita. Na kilichotoka nje ya nyumba ni nini? Makoye akalirudisha swali ndani.

"Vigelegele," Mwalimu alituma jibu. "Vigelegele ndiyo elektroni. Nyutroni ni msichana, protoni ni mke wa mtu. Nyutroni ikigeuka protoni hakuna aliyehama, ni kelele tu imetoka. Jumla ni ile ile mia moja thelathini na saba, namba imepanda moja. Na mwambie huyo bibi harusi huanza amechangamka mno. Akitulia, ndipo inatoka ile mionzi inayopima tope lao."

Makoye aliupenda mfano huo kupita kiasi. Alitembea nao kazini Jumatano, akawaeleza mafundi wote, na jioni akarudi na swali lake mwenyewe, kama bibi harusi anachelewa sana kutulia. Mwalimu akajibu kuwa ni dakika chache tu, na kwamba swali hilo ni zuri. Lusia aliona mumewe alivyotabasamu peke yake gizani mwa jiko, akafurahi kama aliyesifiwa yeye.

* * *

Ijumaa, siku moja kabla ya mtihani, Mwalimu Mektilda alitangaza kuwa saa kumi kamili mkwe wake atafanya jaribio la mwisho. Maswali manne, alikuwa ameyatunga usiku kichwani kwa kuwa jicho lilimwasha na usingizi haukuja. Saa kumi ilipofika Makoye hakuwepo. Saa kumi na robo alituma ujumbe kwa simu: pampu kubwa imekufa, hatoki mpaka itengemae.

"Mkwe wangu yuko tayari?" Mwalimu aliuliza kutoka kitandani.

Lusia alisimama mlangoni na simu mkononi. Mama yake alikuwa amejifunga khanga mpya kwa ajili ya jaribio. Kumwambia kwamba mwanafunzi hayupo, baada ya usiku ule wa jicho, alishindwa. Na kweli nyingine ni kwamba aliogopa mama yake asije akadhani Makoye ni mtu wa kudharau.

"Yuko tayari, mama. Nitajie la kwanza."

"Strontiamu, gramu sitini na nne. Nusu uhai miaka ishirini na nane. Baada ya miaka themanini na nne imebaki ngapi?"

Lusia akaenda uani. Hakukuwa na mtu, ila kuku na beseni. Alisimama hapo kama anayengoja kujibiwa, kisha akatoa chaki ya ushonaji mfukoni mwa aproni, akapiga magoti mbele ya kitambaa cha sare ya bluu kilichotandazwa kwenye mkeka, akaandika. Themanini na nne kwa ishirini na nane ni mara tatu. Sitini na nne, thelathini na mbili, kumi na sita, nane.

"Anasema gramu nane."

"Vizuri. Kobalti, nusu uhai tuseme miaka mitano. Kutoka nguvu mia nne mpaka ishirini na tano, inachukua miaka mingapi?"

Mkeka, chaki. Alihesabu hatua kwa vidole. "Anasema ishirini."

"Haraka leo. La tatu ni la kumtoa jasho. Sesiamu leo ina nguvu sita, ina umri wa miaka tisini. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu ngapi?"

Hilo lilimtoa jasho yeye. Alizoea kushuka, hapa alitakiwa kupanda. Alikaa juu ya visigino, kuku anamdonoa pindo la gauni, mpaka akaona kuwa njia ya kushukia ndiyo ya kupandia. Sita, kumi na mbili, ishirini na nne, arobaini na nane. Akajifuta chaki mikononi kwa furaha ambayo hakuwa ameionja tangu akiwa na soksi nyeupe na madaftari manne. Alirudi ndani akikaza uso.

"Arobaini na nane."

La nne lilikuwa la kaboni kumi na nne, namba sita, ikioza kwa beta. Lusia hakufika hata uani. Aligeuka koridoni, akahesabu pumzi kumi, akarudi na naitrojeni, namba saba, jumla kumi na nne ile ile.

Mwalimu Mektilda aliegemea mto. Mikono yake miwili ilikuwa imepumzika juu ya khanga mpya. "Mwambie mkwe wangu nimefundisha watu waliokuja kuwa mainjinia, wakalikosa hilo la tatu. Mwambie ana kichwa. Laiti ningemkuta angali..."

Nje, kichochoroni, mtu akakohoa. Mara mbili, kama kawaida.

"Shikamoo mayu."

Lusia akaificha chaki kwenye aproni.

"Marahaba," Mwalimu alijibu. "Ndiyo unaingia?"

"Ndiyo mayu. Pampu imetutesa tangu saa sita. Mtusamehe, nimechelewa jaribio."

Hatua zake zikazunguka kuelekea nyuma. Mwalimu Mektilda aligeuza uso wake upande ule ambako binti yake alikuwa kivuli mlangoni, akaukodolea jicho lake la ukungu kwa muda mrefu.

"Nenda kampe mumeo chakula," akasema.

* * *

Lusia aliyachukua maneno yale machache kama hasira, akayabeba mpaka uani pamoja na sahani ya ugali. Hakukuwa na muda wa kulia. Jua lilikuwa bado juu kidogo, na mtihani ni kesho. Makoye alipomaliza kula, Lusia akamwonesha kitambaa cha bluu kilichojaa chaki.

"Nani kafanya haya?"

"Mimi."

Makoye aliangalia kitambaa, akamwangalia mkewe, akaangalia kitambaa tena. Mwanaume mwingine angetafuta neno la kumrudisha mahali pake. Makoye alivuta ndoo yake karibu. "Hili la tatu sijalielewa. Umepandaje?"

Lusia akamfundisha. Alisema kwa maneno yake, marudio na vigelegele, akafuta, akaandika, akamkaripia alipokata nusu ya kitu cha mwanzo kwa mazoea, naye Makoye akajipiga kofi la paja na kurekebisha. Katikati ya swali la kobalti Lusia aliona pazia la mlango wa nyuma limetikisika. Chini ya pindo lake kulikuwa na vidole vya miguu anavyovijua. Mama yake alikuwa ametoka kitandani, amepapasa korido nzima, na sasa amesimama hapo, amejificha asionwe na mkwe wake, anasikiliza. Mtu ambaye hajawahi kumwacha mwalimu mwenzake amalize sentensi bila kumsahihisha, alisimama hapo mpaka giza likaingia na hakutia neno hata moja.

* * *

Jumamosi Makoye alipanda gari la alfajiri kwenda Shinyanga. Siku ile Lusia alizishonea sare mbili mikono ya kushoto pande zote, akafumua, akashona tena. Mama yake alikunywa uji, akasali rozari, akaomba kujua saa, akasali nyingine. Kuhusu jana hakusema lolote.

Saa tisa na nusu simu ikalia. Lusia alishtuka kama zamani, akaibonyeza, akaiweka sauti ya juu ili asikie vizuri. Palikuwa na kelele za stendi.

"Mama Dorika. Sabini na nane."

Lusia aliketi sakafuni pale pale sebuleni, karibu na pazia.

"Unanisikia? Sabini na nane. Barua ya kazi Jumatatu. Yule Kamili ameshika karatasi yangu, akaniuliza mbele ya watu wote, mzee, wiki hii umesoma chuo gani? Nikamwambia sijasoma chuo. Nimefundishwa na mke wangu."

"Umesema hivyo?"

"Nimesema. Ameniuliza mke wako ni mwalimu? Nikamwambia ni fundi cherehani. Wakacheka, lakini siyo kama siku ile. Mwambie mayu nimefika salama kwenye sitini na nimepita. Gari linaondoka."

Simu ikakatika. Lusia alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa cha bluu, akainuka ili aupeleke ujumbe ndani kama ilivyokuwa kazi yake kwa siku tisa. Haikuhitajika. Mama yake aliita kwanza.

"Lusia."

"Abee, mama."

"Nimesikia. Nimefurahi mno. Sasa njoo. Lile swali la tatu la jana, jibu lako ni sahihi, lakini hukunionesha njia. Kwenye mtihani wa taifa wanakata maksi."

Lusia alisimama mlangoni, mahali pake. "Mtihani gani wa taifa, mama?"

"Wako. Utaanza na ule wa maarifa, kwa kuwa kidato cha nne hukufika. Mwaka kesho."

"Mama, mimi nina miaka ishirini na tatu. Nina sare kumi na moja za kushona."

"Nilikosea," Mwalimu Mektilda alisema. "Nilisema neno mbele ya shangazi zako, nikalisema mimi, mwalimu, bila hata kukupa swali moja. Nilikosea, mwanangu. Sijui kama unanisamehe."

Lusia akatikisa kichwa kukubali, kisha akakumbuka kuwa mama yake haoni, akasema, "Ndiyo, mama."

Mwalimu akapapasa kando yake, akasogeza miguu, akapigapiga kitanda mara mbili kwa kiganja.

"Basi usisimame mlangoni kama mjumbe. Kaa hapa. Chukua kalamu."